Makabati Yasiyolingana Kina

Nchi inayosimuliwa hapa si yetu. Yasemwe hayo mapema, ili afisa yeyote atakayeyasoma aketi vizuri na kuagiza chai. Nchi yetu haina mambo kama haya. Ile iko mbali kidogo, kati ya nchi mbili zinazoionea haya, na humo aliishi mtu aliyeitwa Kasiani Mtonga, Mkurugenzi wa Mitambo katika Wizara ya Sifa na Shukrani.

Kazi ya wizara hiyo ilikuwa kuisifu serikali, na kuishukuru pale ambapo sifa peke yake zingeonekana utovu wa adabu. Zamani walisifu kwa tarumbeta. Kisha dunia ikabadilika, sifa zikaanza kupita kwenye nyaya, na kila raia aliyewasha simu yake asubuhi alipokea kwanza pongezi kwa kuwa raia. Mitambo ya kupeleka pongezi hizo ilikuwa mirefu na mizito, kwa sababu pongezi zilikuwa nyingi.

Kasiani hakuwa mtu mbaya. Aliwalipia watoto wake ada, aliwasalimia walinzi kwa majina, na akienda msibani alikaa mpaka mwisho. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kukiona kitu cha mwenzake bila kukipima. Akialikwa harusini, macho yake yalikuwa kwenye sahani ya jirani. Wala si kwa njaa. Alitaka tu kujua nani kapewa paja.

Na katika watu wote aliowapima, hakuna aliyempima kama Asteria Ndomba. Walianza kazi siku moja, wakakalishwa meza moja, na kabla vyeo havijawatenganisha walikuwa wakila wali wa sahani moja mchana. Sasa Asteria alikuwa Mkurugenzi wa Mitambo wa Wizara ya Afya. Alikuwa mama mnene, mtani, mwenye kicheko kinachopanda ghorofa mbili bila kushika ngazi. Mitambo yake ilikuwa midogo, mifupi kama mkate wa boflo, maana ilihudumia kitu kimoja tu: namba ya kuita gari la wagonjwa.

Basi serikali ikajenga Jumba la Data la Taifa, ili mitambo ya wizara zote ikae chini ya paa moja na kuangaliwa na jicho moja. Kila wizara ilipaswa kupewa kabati la chuma la kufungia mitambo yake. Nchi haikuyanunua makabati hayo. Iliyaomba. Na kwa kuwa iliomba kwa kila aliyepita, yakaja ya kila namna. Ukiyatazama kwa mbele yalikuwa sawasawa, kimo kile kile, upana ule ule. Tofauti ilikuwa kwenye kina, yaani umbali kutoka nguzo mbili za mbele hadi nguzo mbili za nyuma. Mengine yalikwenda ndani kama jeneza la jitu. Mengine yalikuwa kama kabati la vyombo vya bibi harusi.

Mtu mwepesi angedhani mitambo mirefu ingepewa makabati marefu. Lakini serikali ile haikuongozwa na watu wepesi. Makabati yaligawiwa kwa haki ya alfabeti. Afya, inayoanza na A, ikapata lenye kina kuliko yote. Sifa, iliyoko huko chini kwenye S, ikapata lililobaki.

Siku ya uzinduzi Waziri wa Mambo Yaliyosalia, Mheshimiwa Balozi Profesa Lugoda Makwaya, alisimama mbele ya makabati na kuyahutubia.

"Ndugu wananchi! Kabati si kabati tu. Kabati ni kabati la taifa! Na taifa lisilo na kina ni taifa la juu juu. Wametuuliza, je, mna kina? Tumewajibu: njooni mpime!"

Watu walipiga makofi. Nguzo za nyuma, ambazo kiwandani zilitengenezwa makusudi ili fundi azisogeze mbele au nyuma kwa bisibisi, zikapigwa lakiri na kutangazwa kuwa mipaka ya kitaifa. Kuzisogeza kukawa uhaini wa daraja la pili.

Mafundi walipofunga mitambo, ya Kasiani ilitokeza nyuma kama miguu ya mtu aliyejificha chini ya kitanda kifupi. Mlango wa nyuma haukufunga. Walisukuma, wakaomba, wakaulaumu, haukufunga. Kwa Asteria mambo yalikuwa kinyume. Mitambo yake haikuzifikia nguzo za nyuma hata kwa kunyoosha shingo. Ikashikwa kwa mbele tu, kwa yale masikio yake mawili ya bati, huku nyuma ikining'inia. Ili isianguke, Asteria akaipangia chini matofali mawili na juzuu tano za hotuba za Waziri.

Kasiani hakuyaona matofali. Aliona nafasi. Mle ndani mtu angeweza kumlaza mgeni! Alisimama mbele ya kabati la Afya akilipima kwa macho, na hapo hapo Asteria akatokea nyuma yake.

"Kasiani ndugu yangu," alisema, "mbona kabati lako limekataa kufumba mdomo? Au ndiyo linasifu mpaka leo?"

Mafundi wote wakaangua kicheko. Asteria mwenyewe akacheka mpaka akashika ukuta. Huo ulikuwa utani wa watu waliokula sahani moja, na miaka ya nyuma Kasiani angeujibu papo hapo. Siku hiyo alitabasamu upande mmoja, akaenda zake. Wahenga walisema hasidi hana sababu. Kasiani alikuwa nazo, na akazibeba kama mayai mpaka nyumbani.

Asubuhi moja mezani, mkewe, Fromena, aliiweka chupa ya chai chini kwa kishindo.

"Baba Denisi, huyo Asteria ni nani?"

"Mfanyakazi mwenzangu. Si unamjua?"

"Nilidhani namjua. Ila sasa unamtaja usingizini. Unasema 'Asteria ana kina.' Unasema 'laiti ningekuwa na nafasi ile ya nyuma.' Mimi nimezaa nawe watoto wanne, Baba Denisi. Hiyo nafasi ya nyuma ni ipi?"

"Ya kabati."

"Kabati gani?"

"La chuma. La mitambo."

Mwanamke anaweza kushindana na mwanamke mwenzake, lakini kushindana na bati hakufundishwa na somo yake unyagoni. Fromena akajitanda khanga na kwenda Jumba la Data kujionea mwenyewe. Huko Asteria alimpokea kwa mikono miwili, akamfungulia kabati, akamwonyesha matofali na zile juzuu za hotuba, na wote wawili wakacheka hadi mlinzi akaja kuuliza kama kuna hatari.

"Nimemwona huyo mke mwenzangu," Fromena alimwambia mumewe jioni, angali akijifuta machozi. "Ni bati tupu, Baba Denisi. Na Asteria ni mtu wa watu! Kanipa na miche ya mchicha."

Kasiani akatazama ile miche. Sasa hata kicheko cha mkewe kilikuwa kimekwenda kukaa kwa Asteria. Yeye hakukumbuka mara ya mwisho kumchekesha mtu yeyote katika nyumba ile.

Siku chache baadaye Asteria alimjia ofisini, safari hii bila utani.

"Kasiani, tubadilishane."

"Tubadilishane nini?"

"Makabati. Wewe mitambo yako ni mirefu, mimi yangu mifupi. Chukua langu, nipe lako. Yako itaingia yote na mlango utafunga. Yangu itashikwa mbele na nyuma, nami nitaacha kuamka kila siku nikidhani matofali yameteleza. Hatuhitaji hata kugusa lakiri."

Moyo wa Kasiani uliruka. Hicho ndicho alichokuwa akikililia! Ulimi wake ulikuwa tayari umeshaunda neno "ndiyo." Lakini kabla halijatoka, wazo jingine likaingia kwa mlango wa nyuma. Kwa nini anataka kunipa? Mtu hagawi paja la kuku akabaki na shingo, ila kama shingo ina jambo. Basi lile kabati fupi lina nini ambacho mimi sijakiona?

"Nitafikiria," alisema.

"Ufikirie nini, ndugu yangu? Kesho mafundi wapo."

"Kabati langu ni la urithi wa wizara. Siwezi kuligawa kama peremende."

Tangu siku hiyo Kasiani alilionea wivu kabati la Asteria, na akalionea wivu la kwake pia, asije mtu akalitamani. Akalifunika kitenge. Akaweka kufuli pale ambapo mlango haukufunga, kufuli likawa linaning'inia hewani. Alitaka kina cha Asteria, na hakutaka Asteria apate ufupi wake. Mtu aliyefika hapo amebakiwa na njia moja tu, nayo ni kudai usawa.

Akaomba kuonana na Waziri.

"Mheshimiwa," alisema, amekaa kwenye ncha ya kiti, "wananchi wananung'unika. Wanauliza, kwa nini Afya iwe na kina kuliko Sifa? Je, kuugua ni bora kuliko kushukuru?"

Mheshimiwa Makwaya alishtuka. Hakuwa amewahi kusikia wananchi wakinung'unika, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha hasikii.

"Unataka kabati lako liongezwe?"

"La, mheshimiwa. Mimi sijitakii kitu. Nataka tu la mwenzangu lisizidi."

"Huo," alisema Waziri kwa sauti ya mtu aliyeguswa, "ndio uzalendo."

Ikaundwa Tume ya Muda ya Kudumu ya Usawa wa Kina. Wajumbe walipima makabati yote, wakajumlisha, wakagawanya, wakapata kina cha wastani ambacho hakikufaa mtambo wowote katika nchi ile. Wakapendekeza makabati marefu yakatwe, na vipande vyake vichomelewe kwenye mafupi. Asteria aliitwa kutoa maoni, kwa kuwa sheria ilitaka maoni yatolewe.

"Waheshimiwa," alisema, "hata makabati yakilingana, mitambo hailingani. Mwingine mrefu, mwingine mfupi. Kinachotakiwa ni kusogeza nguzo za nyuma. Nipeni ruhusa na bisibisi, kabla ya chakula cha mchana nitakuwa nimemaliza."

"Mitambo itaelimishwa," alijibu mwenyekiti.

"Na namba ya kuita gari la wagonjwa? Mkikata kabati nayo ikiwa imewaka, itazimika."

"Mama, usitutishe kwa wagonjwa. Sisi sote hapa ni wagonjwa. Mimi mwenyewe nina kisukari."

Kasiani alikuwa amekaa safu ya nyuma. Asteria alipogeuka kutoka, macho yao yalikutana. Hakumtukana. Alimtazama tu kama mtu anayetafuta funguo mahali alipokuwa na hakika ameziweka. Kasiani akainama, akajifanya anafunga kamba za viatu. Siku hiyo alivaa makubazi.

Makabati yalikatwa kwa grinda mbele ya kwaya. Cheche ziliruka, vumbi la chuma likaingia kwenye mitambo kama unga kwenye nywele za mpishi, na pigo la tatu lilipoingia, matofali ya Asteria yaliteleza. Mtambo wa Afya ukashuka kwa pua. Kwaya haikunyamaza. Nyaya za mtambo huo zilipobaki zikining'inia, mjumbe mmoja aliyechukia kuona mali ya umma ikikaa bure akaagiza zichomekwe kwenye mtambo uliokuwa karibu, nao ulikuwa wa Sifa.

Tangu hapo raia aliyepiga namba ya kuita gari la wagonjwa alisikia sauti nyororo: "Hongera kwa kuwa raia. Serikali inakuthamini. Ukitaka kuthaminiwa zaidi, bonyeza moja."

Katika kitongoji kimoja cha mji ule, fundi cherehani aitwaye Mfaume Kidawa alianguka juu ya cherehani yake, nusu ya uso imelegea. Mkewe akapiga namba. Akabonyeza moja, akidhani ndiko wagonjwa waliko, akathaminiwa. Akabonyeza tena. Alithaminiwa mpaka salio likaisha. Majirani waling'oa mlango wa nyumba, wakambeba juu yake kwa miguu hadi hospitali. Alifika hai. Lakini mkono wake wa kulia, ule wa kuongozea kitambaa, haukurudi kazini tena.

Habari zilimfikia Kasiani kantini. Kijiko kilisimama njiani. Kitu fulani kikamshika kifuani, kizito, na kama kingeachwa dakika chache zaidi pengine kingekuwa toba. Lakini aliyeleta habari alikuwa hajamaliza.

"Asteria alikwenda kumwona yule fundi," alisema. "Alilia pale kitandani, wodi nzima ikalia naye. Watu wanasema hakuna kiongozi mwenye utu kama yule mama."

Kile kitu kizito kikageuka upande, kikawa kile kile alichokizoea. Hata machozi, alijiambia Kasiani, hata machozi anapigiwa makofi.

Mwisho wa mwezi Waziri aliita waandishi wa habari. Alikuwa na takwimu. Kabla ya Usawa wa Kina, alisema, mamia ya watu waliita gari la wagonjwa kila wiki. Baada ya Usawa wa Kina, hakuna hata mmoja.

"Wananchi," alisema Mheshimiwa Makwaya, sauti ikimtetemeka, "wameacha kuugua!"

Magazeti yaliandika kwa herufi nyekundu. Asteria alitakiwa aombe radhi kwa kuzidisha idadi ya wagonjwa miaka yote ile, na alipokataa alihamishiwa zahanati ya mpakani, mahali ambapo ramani ya nchi huwa imekunjwa. Kasiani akapandishwa cheo, akawa Kamishna Mkuu wa Kina, mwenye gari, dereva na bendera ndogo. Fromena alimpikia pilau ya pongezi, kwa adabu, wala hakukaa naye mezani. Alisema anamwagilia mchicha.

Kasiani alingoja furaha ije. Alikaa kwenye kiti chake kipya kirefu akaingoja. Alipita kwenye kabati la Afya lililokatwa, tupu, akalitazama vizuri, na hakuona tena kitu cha kupima. Hilo lilimsumbua kuliko alivyotarajia. Mwishowe akaandika safari ya ukaguzi wa mpakani, akamwambia dereva wake, Songoro, ajaze mafuta.

Walimkuta Asteria kwenye chumba kidogo nyuma ya zahanati, amepanda juu ya stuli, skrubu mbili mdomoni. Hakukuwa na kabati. Alikuwa amepigilia ubao ukutani, na anafunga upya juu yake mtambo mmoja mfupi, mkuukuu, aliouokota kwenye vifaa vilivyotupwa.

"Kasiani!" alisema, skrubu zikimchezea midomoni. "Umefika wakati mzuri. Shika hapa nikaze."

"Mimi ni Kamishna Mku..."

"Shika, utaanguka huu!"

Akaushika. Katika miaka yake yote ya ukurugenzi hakuwahi kushika mtambo kwa mikono yake. Ulikuwa mwepesi, wa moto kidogo, kama kifaranga. Asteria alikaza skrubu ya kwanza, akakaza ya pili. Kwa muda ule mfupi vichwa vyao vilikuwa karibu, kama zamani juu ya sahani ya wali.

"Hukunikasirikia?" Kasiani aliuliza, akiutazama ubao.

"Nilikukasirikia sana. Nilikutukana mpaka matusi yakaniishia, nikawa naazima kwa majirani. Halafu namba ikaanza kufanya kazi huku, simu zikawa zinaita, nikakosa nafasi. Haya, achia."

"Utaanguka."

"Hauanguki. Achia."

Akaachia. Haukuanguka. Taa ndogo ya kijani ikawaka tena, na kabla Asteria hajashuka kwenye stuli simu ikaita chumba cha pili. Muuguzi aliipokea, akauliza ni kijiji gani, akapiga kelele nje, na gari la wagonjwa lenye taa moja likanguruma na kuondoka. Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakapiga vigelegele. "Mama Simu! Mama Simu!" Asteria akatoka kwenda kuwapungia mkono, anacheka kile kicheko chake, kinapanda hewani ambako hakukuwa na ghorofa.

Hakuna aliyeuliza ni nani aliyeshika.

Asteria alimsindikiza mpaka garini, akamfungia mlango mwenyewe, akamwambia amsalimie Mama Denisi. Gari likaondoka. Walikuwa wameshauvuka mto Kamishna alipoligusa bega la dereva.

"Songoro, geuza."

"Tumesahau kitu, mheshimiwa?"

"Futikamba iko wapi?"

"Iko hapa mbele. Tunarudi kupima nini? Pale hapana kabati, mheshimiwa. Ni ukuta tu ule. Ukuta hauna kina."

Kasiani alitazama nje ya dirisha. Vigelegele vilikuwa bado vinasikika kwa mbali, au labda vilikuwa masikioni mwake tu.

"Kila kitu kina kina," alisema. "Geuza gari."